Gadi ya Upande wa Kushoto

Mtaani kwao walimwita Grili, na jina hilo hakupewa kwa kuonewa. Karibu kila dirisha la mtaa ule lilikuwa na chuma chake, na nyumba yake mwenyewe ilikuwa na grili hata kwenye kidirisha cha choo, ambacho paka mwembamba angekitazama na kukata tamaa. Grili aliamini kwamba kila baya la dunia hii linatoka nje, na kama linatoka nje basi linaweza kuzuiwa kwa nondo, mradi nondo iwe nene na mchomeleaji asiwe na papara. Imani hiyo ilimlisha, ikamjengea nyumba, ikamsomeshea binti mpaka akawa daktari wa mifugo. Kisha binti akanunua pikipiki, na imani ikaanza kuyumba.

Haikuwa pikipiki ya kwenda sokoni. Ilikuwa ile ya safari za mbali, yenye mwili mrefu na tangi pana, na magurudumu ya kupita mawe na matope bila kuuliza. Ofisi ya mifugo ilikuwa imempa binti eneo la milimani, ambako magari hugoma nusu ya njia, naye akaamua kuwafuata ng'ombe kwa magurudumu mawili, sanduku la chanjo limefungwa nyuma. Alikwenda na kurudi salama kwa muda mrefu tu. Halafu siku moja, kwenye kona ya changarawe, gurudumu la mbele likateleza, pikipiki ikalala upande wa kushoto, na mguu wake ukabaki chini.

Kuanguka kwenyewe kulikuwa kudogo, maana alikuwa akienda mwendo wa mtu anayesalimiana na watu njiani. Kilichomponza ni uzito. Mashine ile ikikulalia imekulalia, na yeye alikaa pale juani, injini ya moto ikimgusa muundi, akipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, hadi wachungaji walipopita wakamwinulia. Mfupa ulikuwa umevunjika chini ya goti. Madaktari wa watu walimtia chuma ndani ya mguu, na jambo hilo lilimpa Grili faraja ya ajabu kidogo. Angalau walikuwa wametumia chuma.

Sasa mguu ulikuwa umepona. Binti, ambaye tangu amalize chuo hakuna aliyemwita kitu kingine zaidi ya Dokta, alikuwa anatembea bila gongo. Alikuwa amempigia simu mkubwa wake kumwambia yuko tayari, akajibiwa kwamba eneo lake bado linamsubiri, ila halitasubiri milele. Pikipiki ilikuwa imeegeshwa uani, kati ya karakana ya baba na kibaraza ambako mama aliweka cherehani yake. Jioni moja wakiwa wamekaa hapo, Dokta akatamka lile ambalo baba yake alikuwa akiliogopa.

"Baba, mwezi ujao narudi kazini."

"Na hiyo?" Grili akaielekezea pikipiki kidevu.

"Na hiyo."

"Haitoki hapa bila gadi."

"Hata mimi sitoki bila gadi," akasema Dokta. "Zile za vyuma, huku na huku, zifike chini kabla ya mguu."

Grili alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, na kukubaliwa haraka namna ile kulimpokonya ugomvi wake. Lakini alipokuwa akifunga mlango wa karakana, wazo likamjia, na lilikuwa wazo la hila. Ikiwa pikipiki haitoki bila gadi, basi aliyeshika gadi ndiye aliyeshika lango. Na kazi ya chuma ina njia elfu za kuchelewa, zote akizijua. Alimpenda binti yake kuliko roho yake mwenyewe, na kwa mapenzi hayohayo alipania kumkawiza mpaka eneo la milimani lipewe mtu mwingine, naye apangiwe ng'ombe wa hapahapa mjini, wale wa kuwafikia kwa miguu.

Ila ilibidi kwanza aonekane anajitahidi. Wakaenda dukani, yeye na Dokta pamoja na Spana, fundi wa pikipiki wa mtaa wa pili, mtu mwembamba mwenye maneno mengi na kucha ambazo oili ilikuwa imehamia humo na kupanga kabisa. Gadi zilining'inizwa ukutani zinang'aa. Muuzaji akazieleza kwa mpigo: hizi za juu zinakinga tangi, hizi za chini zinakinga injini, hizi zinakinga vyote, hizi nyepesi, hizi za chuma hasa.

Grili akagonga moja kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. "Hili ni bomba la pazia."

"Mzee, hiyo imetoka kiwandani, imepimwa," akasema muuzaji.

"Imepimwa kwa kuangushwa nani?"

"Mzee, usiidharau kwa wembamba," Spana akaingilia. "Gadi nzuri inakubali kukunjika. Ikijifanya jabali, kipigo chote kinaingia kwenye injini. Nimeona injini imepasuka, gadi iko palepale inacheka."

Grili alitia pamba masikioni. Chuma kinachokunjika, kwake, kilikuwa chuma kilichomtia mtu aibu. Dokta yeye aliinama mbele ya kila gadi, akapima kwa kiganja umbali wake kutoka kwenye injini, kisha akauliza swali ambalo baba yake alilisikia bila kulielewa. "Ikilala na hii, chini panabaki nafasi gani?"

Muuzaji akasema hilo hajawahi kuulizwa. Wateja wake waliuliza rangi. Alipotazama vizuri akakiri pia kwamba za pikipiki kama ile, ya toleo la zamani, hazikuwa zikija tena. Hizi zingehitaji kutobolewa matundu upya na kukunjwa masikio ili zikae. Grili akacheka kwa ndani.

"Basi nitatengeneza mwenyewe."

"Utaweza, Baba?"

"Mwanangu, nyumba ngapi pale mtaani watu wanalala usingizi kwa ajili ya mkono huu?"

Dokta akamtazama Spana. Spana akatazama dari.

Baada ya hapo mambo yakaenda kama Grili alivyotaka, yaani hayakwenda. Leo bomba halijafika, kesho limefika lakini lina kutu ndani, mara umeme umekatika, mara diski ya grenda imeisha na iliyopo dukani ni ya kukatia vigae. Dokta alipokea kila sababu kwa utulivu, akaitikia "haya, Baba," akaingia ndani. Kule kibarazani mama alishona tu, lakini mashine yake ilikuwa na tabia ya kunyamaza kila mume wake alipoanza kudanganya, halafu kuendelea.

Hatimaye Grili mwenyewe akaanza kuona haya, akashika kazi. Na kazi akaifanya kwa namna aliyoijua. Alichukua bomba nene kuliko yote, akalikata vipande vilivyonyooka, akachomelea pembe kwa pembe. Akaongeza mkingamo mmoja, akaongeza wa pili. Mkono ukanogewa, na kwa mazoea ya miaka mingi ukaweka katikati ua la nondo, kama lile la madirisha ya sebuleni. Aliligundua likiwa limeshapoa. Akaliona linapendeza, akaliacha.

Alingoja siku ambayo Dokta alikwenda hospitali kuangaliwa mguu, ndipo akaifunga. Sasa, mtu anayefunga grili za madirisha huanza na pembe moja. Anaikaza mpaka mwisho, kisha zile nyingine zinafuata, maana ukuta hausogei na chuma kinajua nani mwenye nyumba. Grili akaanza upande wa kushoto, akakaza kila nati mpaka spana ikalia. Alipozunguka upande wa kulia, sikio la gadi lilikuwa limepishana na tundu la injini kwa unene wa kidole.

Hakushtuka. Ukuta nao hujifanya mkaidi. Akatafuta mtaimbo, akavuta, akagonga kwa nyundo, akabana bolti mdomoni mwa tundu ikiwa imeinama kidogo, akaizungusha kwa mkono ambao mtaa mzima uliusifia. Ikaingia kwa tabu, ikasaga, ikasaga tena. Halafu ikawa laini ghafla.

Yeyote aliyewahi kushika chuma anaujua ulaini ule. Grili akaichomoa bolti, akaona chenga zinazong'aa zimeganda kwenye meno yake. Akamulika tundu kwa simu. Meno ya ndani yalikuwa yameliwa yote, na lile halikuwa tundu la gadi. Lilikuwa la injini.

Akakaa juu ya kopo la rangi. Angeweza kuirudisha bolti, akaizungushia gundi, akapiga rangi juu, na hakuna jicho lingejua mpaka siku ambayo gadi ingetakiwa kufanya kazi. Wazo hilo alilifukuza mara moja, maana alikuwa mwongo wa sababu ndogondogo tu, si wa kuua mtu. Lakini la pili lilibaki. Angeweza kusema injini imeharibika, pikipiki basi, imekwisha. Lingekuwa jambo la kusikitisha tu, lisilo na mkosaji, na binti angebaki nyumbani.

"Mbona umeshika tama?" Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, futi ya kupimia nguo shingoni.

Grili akamweleza yote, akaonyesha na bolti.

Mama Dokta akaigeuza ile bolti kiganjani. "Basi umepata ulichokuwa unakitafuta."

Mke aliyekaa na mtu miaka yote hiyo huwezi kumpiga chenga, unajichosha bure.

"Njoo," akasema mama. Akamvuta mkono mpaka kwenye pikipiki, upande wa kulia, akapitisha kidole kwenye kiti na ubavu wa nyuma. Kidole kikatoka safi. Akamzungusha upande wa kushoto, mahali ambapo mikono ya Grili ya leo haikufika, akapitisha tena. Kikatoka na vumbi jekundu, zito, la kule kule milimani.

"Kila asubuhi anatoka na kitambaa anaifuta," akasema. "Anafuta upande ule. Huku haji. Jana alisogea mpaka hapa, akanyoosha mkono kushika klachi, akaurudisha kama mtu aliyegusa pasi. Halafu akaingia ndani kuniambia mwezi ujao anaondoka. Mtoto wako anaogopa, Baba Dokta. Unahangaika kumfungia mlango ambao yeye mwenyewe hawezi kuufikia."

Kwa haki Grili angefurahi. Woga ulikuwa unamfanyia kazi yake bila malipo. Lakini alisimama pale akitazama lile vumbi, akajisikia vibaya kuliko siku alipopigiwa simu kuhusu ajali. Huyu alikuwa mtoto aliyepanda paa la jirani kufuata mpira, akashuka na mpira na mayai ya njiwa. Yeye, baba, kumzuia lilikuwa jambo moja. Waligombana, wakanuniana, wakapatana. Kumwona amezuiwa na kitu ambacho hata kukitaja hataki lilikuwa jambo jingine kabisa, na lilimuuma.

Dokta aliporudi alimkuta baba yake amesimama kando ya pikipiki kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Kwanza aliiona gadi. Akatazama mikingamo, akatazama ua la nondo, akaweka mkono mdomoni.

"Baba, hili ni dirisha."

"Ni ua tu."

"Na bolti ya kumwagia oili iko wapi?"

Ilikuwa nyuma ya ua. Dokta akacheka mpaka akalazimika kuketi, na Grili akamwacha acheke, maana alijua kinachofuata. Kisha akampa ile bolti.

"Nimeharibu, mwanangu. Nimekula meno ya tundu la injini. Nililazimisha."

Kicheko kikaisha. Dokta akaitazama bolti. "Kwa nini hukumwita Spana?"

"Sikutaka iishe vizuri." Maneno yalitoka kwa shida. "Nilitaka ikawie. Bomba lilifika zamani. Umeme haukukatika, nilizima wa karakana mwenyewe. Nilitaka wachoke kukusubiri, wampe mtu mwingine, ukae hapa."

Cherehani kule kibarazani ilikuwa kimya kabisa.

"Nilijua," akasema Dokta.

"Ulijua nini?"

"Kwamba umeme haukukatika. Taa ya sebuleni ilikuwa inawaka, Baba." Akavuta pumzi. "Nilikuwa nakuacha. Kila uliposema bomba halijafika, mimi nilikuwa nashukuru moyoni. Nilisema, nikichelewa, nitakuwa nimechelewa kwa sababu ya baba."

Wakakaa pamoja juu ya benchi la kazi, baba mwenye hila na binti mwenye hila, hakuna aliyejua nani amkaripie nani. Grili ndiye aliyenyanyuka kwanza. Akashika grenda, akalikata lile ua, akalitupa kwenye pipa la vyuma chakavu, na vyote vilivyolishikilia vikafuata.

Spana alipokuja kesho yake alilikuta lile ua ndani ya pipa, akaliinua, akaomba apewe akafunge mlangoni kwake. Baada ya kumaliza kuchekesha watu akapiga magoti kwenye injini, akatoboa lile tundu likawa pana kidogo, akalikata meno mapya, akaingiza kikoili, waya wa chuma uliosokotwa kama springi, kikashika kama hakijatokea kitu. "Injini haijafa," akasema. "Imeng'olewa jino, ikawekewa la bandia. Hata mimi ninalo."

Gadi ikaanza upya, safari hii kwa mwili wa Dokta. Grili akamkalisha kwenye kigoda, mguu wa kushoto umenyooshwa, buti miguuni, akapima unene wake kwa futi: kifundoni, kwenye muundi, kwenye goti. Ili kujua chuma kishike wapi, ilibidi ajue mguu ulilala wapi, na kwa hiyo ilibidi aulize. Tangu siku ya ajali Dokta hakuwa amesimulia. Alisema ameanguka, basi. Sasa alieleza huku akionyesha kwa kidole: hapa ndipo kikanyagio kiliponibana, hapa injini iliniunguza, huku nyuma ndiko uzito wote ulikuwa, nikajaribu kusukuma kwa mguu wa kulia nikashindwa. Grili akaweka alama za chaki palipotajwa, moja baada ya moja, bila kumkatiza. Alipofika mwisho, chaki ilikuwa imekatika mkononi mwake na hakujua ilikatika saa ngapi.

Alichagua bomba la wastani, lile ambalo siku ya dukani angelicheka. Hakulichomelea pembe. Alilijaza mchanga mkavu, akaziba ncha zote mbili, akalipasha moto mpaka likawa jekundu, akalikunja polepole ili lipinde bila kubonyea. Gadi ya mbele ikatoka kwa mzingo mmoja, ikipita mbele ya injini na kuiacha bolti ya oili wazi. Nyuma, chini ya mahali pa sanduku la chanjo, akaweka mzingo mdogo, ili pikipiki ikilala iegemee mahali pawili, na kati ya pawili hapo mguu upate pa kukaa. Kisha Spana akamwambia aweke kibati chembamba kati ya gadi na injini, kikunjike kabla ya vingine vyote.

Hilo lilimgharimu. Maisha yake yote Grili hakuwahi kutengeneza kitu ambacho kazi yake ni kukubali kushindwa. Alikishika kile kibati, akakiangalia, akakirudisha mezani, akakishika tena. Mwisho akakikata, tena kwa unene uleule alioambiwa.

Wakati wa kufunga, Spana alikaa juu ya kopo akimchunga kama askari. "Usikaze, mzee. Ingiza zote kwa vidole kwanza. Nimesema kwa vidole. Hiyo spana iache pale chini." Bolti zote zikaingia, na gadi nzima ikawa inacheza kama jino la mtoto. Ndipo Grili akaruhusiwa kukaza, kidogo kushoto, kidogo kulia, anarudi kushoto, anakwenda nyuma, mpaka kila sikio likajikalia penyewe pasipo kugombana na mwenzake. Alisimama akaitikisa. Pikipiki yote ikatikisika, gadi haikusogea.

"Haya," akasema Dokta, kutoka mbali kidogo. Alikuwa amesimama upande wa kulia.

Wakapunguza petroli kwenye tangi, wakaisogeza katikati ya uwanja, wakaiweka kwenye gia isije ikatembea. Mama Dokta akaacha cherehani, akaja na ndoo ya plastiki, akaiweka chini mahali pa mguu. Spana na Grili wakailaza pikipiki taratibu. Gadi ikagusa, mzingo wa nyuma ukagusa, na pikipiki ikakaa imeinama, haikulala. Ndoo ikatoka nzima. Wakarudia, ikatoka nzima tena.

Wote wakamtazama Dokta.

"Ni ndoo," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ndoo si mguu."

Grili akavua viatu, sijui kwa nini, labda kwa heshima. Akaketi chini upande wa kushoto wa pikipiki iliyosimama, akanyoosha mguu wake mahali palepale pa ndoo.

"Ilaze," akamwambia binti.

"Baba, toka hapo."

"Ilaze wewe. Spana ataishika upande wa pili."

"Wewe ukivunjika mimi siuguzi mgonjwa wa pili," akasema mama, lakini hakumwambia atoke.

Dokta akazunguka. Alipita mbele ya taa, akashika usukani, akafika upande wa kushoto, na mkono wake ukaenda kwenye klachi na kubaki hapo. Jasho lilikuwa limemtoka usoni. Akaiinamisha kidogo, akasita, akaiinamisha tena, meno yakiwa yamekutana, mpaka chuma kikagusa ardhi na uzito ukaondoka mikononi mwake. Akamtazama baba yake. Baba yake alikuwa anachezesha vidole vya mguu chini ya injini, huku na huku, kwa raha zake.

"Naweza hata kusinzia," akasema.

"Toa mguu."

"Sitoi mpaka uinue. Mwenyewe. Spana, achia."

Spana akaachia. Dokta akageuka, akaegemeza makalio kwenye kiti kama alivyofundishwa zamani, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye mzingo wa nyuma, akasukuma kwa miguu. Pikipiki ikapanda kidogo ikarudi. Grili hakuvuta mguu. Dokta akapiga moyo konde, akasukuma tena, safari hii ikianzia juu kwa sababu gadi ilikuwa imeshambebea nusu ya kazi, na ikanyanyuka, ikasimama. Alikuwa anahema. Alikuwa pia analia, na hakujificha.

"Sasa zamu yangu," akasema.

"Zamu ya nini?" akauliza Grili akinyanyuka.

Lakini alikuwa ameshaketi chini. Akanyoosha mguu wa kushoto, ule wenye chuma ndani, akausogeza mpaka chini ya injini, akalala chali juu ya udongo.

"Ilaze, Baba."

Grili akashika usukani. Spana akakamata upande wa pili. Ikaanza kushuka. Grili aliijua gadi ile kila sentimita, alijua mchanga uliotumika kulikunja bomba na kibati kilichokuwa nyuma yake, alikuwa ametoka kulala pale yeye mwenyewe, na bado mikono yake ilikataa. Ilikuwa imebeba uzito wote ule hewani, juu ya mguu wa mtoto wake, na haikutaka kuutua.

"Utachoka, Baba," akasema Dokta kutoka chini, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Achia."

Akaiteremsha mpaka chuma kikagusa. Kisha akafungua vidole, kimoja kimoja, akarudi nyuma mikono mitupu.

Pikipiki ilikaa juu ya gadi yake. Chini yake Dokta alikuwa ametulia, akitazama juu. Akakunja kifundo cha mguu, akakikunjua. Akauvuta mguu mpaka goti likatoka, halafu, badala ya kuutoa wote, akaurudisha. Akasogeza kichwa akatazama ubavu wa mashine, kwa karibu, jinsi fundi anavyotazama kazi.

"Mnyororo huu umekauka," akasema. "Sitafika nao milimani. Baba, niletee mafuta, niupake nikiwa hapahapa."

Grili akamtazama alivyolala. Kisha akaelekea karakana kutafuta mafuta, bila kugeuka nyuma.